Mwaka Tuliopona kwa Salamu

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Kwetu ramani huchorwa na wizara, na wizara huchora tu mahali palipokwisha kuzinduliwa na mkubwa kwa kukata utepe. Mtaa wetu wa Visikini bado unasubiri utepe wake, kwa hiyo hapo tunapoishi, kwenye ramani pana picha ya twiga.

Jina langu ni Sihaba binti Mwinjuma, bibi wa wajukuu tisa. Nimesoma hadi darasa la saba, na la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Nayasema haya mapema ili mtu akikuta nimekosea jambo la kitabibu asinilaumu mimi. Titi langu la kushoto liliondolewa kwa sababu ya saratani. Ikafuata dawa ya mshipani mara sita, mionzi siku ishirini na tano, nywele zikaniacha, zikarudi laini kama za mtoto mchanga, na daktari akaniambia kwamba nimemaliza.

Kumaliza kwenyewe hakukuwa kumaliza. Kila baada ya miezi mitatu nilipanda basi kwenda Hospitali Kuu, nikakaa kwenye benchi la mninga lililong'arishwa na makalio ya wenzangu, nikangoja kuitwa na Sista Nyamizi. Sista huyu alikuwa na vidole vya baridi na hakuwa na salamu. Anavuta pazia, anasema vua. Anapapasa kovu, kwapa, shingo, kwapa la pili, kila mahali kwa zamu yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Anasema vaa. Anaandika. Siku moja nilikaa kimya kabisa nikingoja aniamkie, mimi ninayemzidi miaka ishirini na zaidi, na yeye akaniambia ninyanyue mkono. Nilikasirika kuliko siku niliyoambiwa nina saratani.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Pale mlangoni palikuwa na sanduku la maoni, la bati, lenye kufuli. Nikaazima kalamu nyekundu kwa mtu wa faili nikaandika: "Wauguzi wenu wanapapasa tu, hawasalimii. Salamu nzuri ni nusu ya dawa." Nikakunja karatasi mara nne, nikaitumbukiza, nikarudi nyumbani nikijiona mwanasheria. Sanduku lile lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka kumi na mmoja. Kwa bahati yangu mbaya, wiki ile panya alifia ndani, harufu ikawalazimu walifungue.

*

Mwezi uliofuata waziri alizungumza redioni. Wizara yake ilikuwa ikiitwa Wizara ya Afya, lakini mtu wa protokali aligundua kwamba afya yaweza pia kuwa mbaya, wakaiita Wizara ya Afya Njema.

"Uchunguzi wa kina umebaini kwamba salamu ni nusu ya dawa," alisema waziri. "Serikali yenu sikivu imeamua kutoa nusu hiyo kwanza. Nusu iliyobaki itafuata kwa awamu."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikajikuta nimetupa mchele na kubakiza mawe, kwa jinsi nilivyojivuna. Nilimwita shoga yangu Bi Havijawa, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka mmoja na mimi, nikamwambia maneno yale ni yangu. Havijawa alinitazama tangu ushungi hadi ndala.

"Wewe na adabu zako," akasema. "Siku Izraili akibisha hodi utamwambia karibu, na kigoda utampa."

Waraka ukaja. Waliomaliza matibabu ya saratani hawatahangaika tena na mabasi wala mabenchi. Uangalizi utawafuata majumbani, kila Jumatano, kupitia Afisa Salamu wa Kata. Atasimama umbali wa mikono miwili, atasalimia, atajaza Fomu Namba Saba. Fomu ilikuwa na maswali matatu: hujambo, habari za nyumbani, habari za tangu Jumatano. Mbele ya kila swali palikuwa na kisanduku kimoja. Cha kwanza kiliandikwa Sijambo, cha pili Nzuri, cha tatu Salama. Sista Nyamizi alihamishiwa stoo kuhesabu mapazia, kwa kuwa yalikuwa hayana kazi.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo msomaji analijua. Kwetu mtu aliyelelewa akiulizwa hali hujibu nzuri. Nyumba yake ikiwa inaungua hujibu nzuri, kisha ndipo anasema, ila nyumba inaungua. Jambo lenyewe hukaa nyuma ya hiyo ila. Nchi nzima inalijua hilo, na waziri analijua, maana naye kalelewa na mama. Lakini fomu ilitengenezwa na kamati, na kamati haina mama.

*

Afisa wetu aliitwa Zakayo Chilumba, mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye upara wa katikati na baiskeli yenye kengele mbili. Kabla ya hapo alikuwa bwana mifugo. Jumatano ya kwanza alisimama uani kwangu, akapima mikono miwili kwa fimbo aliyopewa na wilaya, akaniamkia shikamoo. Nikamjibu marahaba kwa sauti ambayo hata kuku walisimama. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za tangu Jumatano? Salama kabisa, baba, sijui huko utokako. Akajaza. Aliondoka akisema hajawahi kujibiwa vizuri vile katika utumishi wake, nami nilimwamini, kwa kuwa wateja wake wa awali walikuwa ng'ombe.

Nilinogewa. Jumanne jioni nilikuwa nafagia uani, Jumatano asubuhi najifunga khanga iliyopigwa pasi, nakaa. Baada ya miezi sita kata ilinipa chupa ya chai yenye maua na cheti cha Mjibu Bora. Nilikitundika ukutani mahali palipokuwa na kadi yangu ya kliniki.

Havijawa hakuwa na mapambo hayo. Alikuwa akimwona Chilumba anakunja kona anamtupia majibu matatu kwa mpigo akiwa jikoni, kabla hajaulizwa, ili aende. Alisema ana mboga motoni. Na mgongo ulikuwa unamuuma, huo nao akasema ni wa kulima.

Msimu wa kuvuna kunde, nikiwa bafuni, nilikuta kitu kwenye kwapa la kushoto. Kidogo, kama punje ya kunde ile ile niliyokuwa naichuma. Nikajiambia ni joto. Mwezi wa pili yake kilikuwa kama njegere. Jumatano nilimjibu Chilumba sijambo, nzuri, salama, nikaongeza, "Ila…"

Alinyanyua kalamu juu kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Akaniambia kwa upole kwamba ila hana pa kuiandika. Nikamwomba aiandike pembeni. Akasema pembeni ni mali ya wilaya, palipo na nembo hapaguswi. Basi aiandike nyuma. Nyuma ni ya mkoa.

"Bibi," akasema, "mimi naweza kupeleka mtu hospitali akijibu vibaya. Kuna fomu ya rufaa, ninayo, haijawahi kutumika. Lakini anayejibu nzuri nitampelekaje?"

Nikamwuliza kujibu vibaya ni kujibuje. Akatazama kulia na kushoto, akaninong'oneza neno. Jamani, neno lenyewe lilinichoma. Miaka sabini na miwili sijawahi kuulizwa habari nikasema mbaya. Mama yangu alikata roho akiwa amemjibu shemeji yake nzuri. Na mimi, Mjibu Bora, mwenye cheti, mwenye chupa ya chai? Nikamwambia aandike salama.

Nilijaribu njia ya kando. Nilipanda basi hadi Hospitali Kuu. Mlinzi akaangalia daftari akanikuta upande wa waliopona. Waliopona haturuhusiwi kuingia, tunaharibu takwimu. Wanaingia wagonjwa na wanaokuja kuona wagonjwa. Basi nikanunua ndizi nikaenda kumwona mgonjwa nisiyemjua, mzee mmoja wa mguu uliovunjika, tukakaa saa nzima tukizungumza habari za mguu wake. Akanishukuru sana. Nilirudi na njegere yangu kwapani.

*

Havijawa alilala siku kumi tu. Miguu ilivimba, akaacha kula, na ndugu zake walipombeba kwenda hospitali mlinzi alikuta jina lake upande ule ule wa waliopona, majibu thelathini na nane safi mfululizo. Walipokuwa wakibishana getini, akafariki. Tulimzika Alhamisi.

Jumatano iliyofuata Chilumba alikuja na baiskeli yake. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, matanga hayajaanuliwa. Alisimama umbali wa mikono miwili kutoka ukumbi wa marehemu, akavua kofia, akauliza habari za hapa. Na sisi, watu arobaini na kitu, kwa mdomo mmoja, kama tulivyofundishwa na mama zetu, tukamjibu, "Salama."

Nilikaa karibu naye. Niliona mkono wake ukiandika. Mbele ya jina la Havijawa akatia alama katika kisanduku cha salama.

Nilimfuata hadi kwenye baiskeli. Nilitaka kumtukana, nikakuta analia.

"Ng'ombe nilikuwa nawapapasa, bibi," akasema. "Shingo, kwapa, kiwele. Sikuwauliza kitu. Ng'ombe hajui kusema sijambo, ndiyo maana walikuwa wanapona."

Akafuta pua, akanipa bahasha yenye nembo. Nilikuwa nimechaguliwa. Waziri mwenyewe anakuja kuadhimisha mwaka mmoja wa mafanikio ya mia kwa mia, na atanisalimia mimi mbele ya taifa.

Kwapani kilikuwa kama kokwa ya zambarau. Nikasema, vizuri. Nzuri nitaitoa kwa heshima ya nchi, lakini ila yangu safari hii itasikika hadi redioni, nione nani atasema hana pa kuiandika.

*

Kamati ya watu kumi na mmoja ilikaa siku tatu kuhusu shikamoo. Waziri alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mimi nina sabini na miwili. Kwa umri aniamkie yeye, kwa cheo haiwezekani. Wakaamua msaidizi wake ataniamkia kwa niaba, nami nitamwitikia msaidizi huku macho yangu yakimtazama waziri. Tulifanya mazoezi mara nne. Nakiri niliyafurahia. Kifo kinanikaa kwapani na mimi nauliza kama ushungi wangu umekaa sawa.

Siku ilifika. Turubai, viti vya plastiki, bendi ya tarumbeta, wageni kutoka nchi zinazosalimiana kwa kichwa tu, waliokuja kujifunza. Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema kabla ya mpango huu, katika kila watu kumi waliochunguzwa hospitalini mmoja au wawili walikutwa na ugonjwa umerudi. Tangu uchunguzi uachwe, hajakutwa hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono imezoea.

Kisha akanijia. Msaidizi akaniamkia, nikaitikia marahaba. Waziri akainama kidogo, akasema, "Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri," nikasema, na nikavuta pumzi.

Sikujua kwamba bendi ilikuwa imefundishwa kuanza kwenye neno hilo. Tarumbeta sita na ngoma kubwa zililia kwa pamoja. Nilisema ila. Niliisema mara ya pili, nikaisema mara ya tatu nikimvuta waziri mkono wa koti, na yeye akadhani nataka kucheza, tukacheza. Picha ipo. Nimeshika kiuno, mdomo wazi, na chini yake gazeti limeandika kwamba bibi alishindwa kuficha furaha.

*

Jumatano Chilumba alinikuta nimekaa kwenye kigoda, sikujipamba wala sikufagia. Akapima mikono miwili, akaniamkia. Nikaitikia, hilo siwezi kumnyima mtu. Akauliza habari za tangu Jumatano.

"Mbaya," nikasema.

Nilidhani mbingu zitashuka. Kilichotokea ni kwamba Chilumba alikaa chini, kwenye vumbi, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ya kumi na nne ilisema mwananchi akitoa jibu lisilomo kwenye fomu, inachukuliwa kwamba hakusalimiwa vizuri, hivyo atasalimiwa upya na afisa wa ngazi ya juu. Rufaa ya hospitali itatoka ngazi zikishaisha.

"Zipo ngapi?" nikamwuliza.

"Nne, bibi. Anza kuchemsha chai."

Mtendaji wa kata alikuja Alhamisi na mkewe, akisema wanawake huelewana. Wote wawili walinisalimia. Mbaya. Mke akaniuliza pembeni kama nimegombana na mtu. Jumamosi akaja wa wilaya na kipaza sauti, akihisi labda sisikii vizuri. Mbaya, nikamjibu, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi mtaa mzima ulisikia. Jumatatu wa mkoa alinisalimia kwa lugha tatu na kunibembeleza. Alisema ana watoto wanasoma. Alisema tukubaliane angalau "si mbaya sana". Wajukuu waliishiwa vikombe, wa mkoa akanywea kwenye kopo la maziwa. Nikamwambia pole baba, najua kazi ni ngumu, lakini mbaya.

Neno la kwanza lilikuwa limetoka likitetemeka. Kufikia la nne nilikuwa nalisema kama mtu anayetaja jina lake.

Ngazi ya mwisho ilikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Salamu, Daktari Kalokola, mtu mrefu, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Alikuwa mpasuaji bingwa, na kwa ubingwa huo alipandishwa cheo hadi mahali pasipo na mgonjwa. Mwaka mzima kazi yake ilikuwa kusaini salamu. Aliinama mlangoni ili asigonge kichwa, nyuma yake wakaingia wa mkoa, wa wilaya, wa kata na mkewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari yako?"

"Mbaya."

Akatazama nyuma, kama mtu anayemtafuta aliye juu yake. Hakuwapo. Juu yake alikuwa waziri peke yake, na waziri alikuwa ng'ambo anasalimiwa. Daktari akavua miwani, akaifuta na tai, akairudisha.

"Mbaya vipi?" akauliza.

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu.

Nikasema, "Kwapani."

Aliomba maji ya kunawa. Mke wa mtendaji akashika ncha moja ya khanga, mjukuu wangu mkubwa akashika nyingine, ikawa pazia, wanaume wakatolewa nje. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mwanzoni vilianzia mbali, kwenye bega, kama vimesahau njia, kisha vikakumbuka. Vilipofika pale vilisimama. Havikuondoka. Mimi nilitazama bati, nikahesabu misumari, nikafika kumi na saba.

Akaniuliza kina muda gani. Tangu kunde, nikamwambia, sasa ni miezi saba.

"Na miezi yote hiyo ulikuwa unajibu nini?"

"Sijambo," nikasema, na hapo ndipo nililia, kwa aibu zaidi kuliko kwa hofu.

Hakuniambia pole, wala hakunikaripia. Aligeuza Fomu Namba Saba, akaandika nyuma, ukurasa mzima, kwenye mali ya mkoa, na wa mkoa amesimama mlangoni anaona. Siku ile ile niliondoka na gari lake.

*

Ilikuwa imerudi. Tezi tisa zilitolewa, nne zilikuwa na ugonjwa. Wamenianzishia dawa tena, na nywele zimeshanikimbia mara ya pili; nadhani safari hii zimejifunza. Daktari hajaniambia nitapona. Ameniambia tutaangalia kila mwezi, kwa mkono. Amerudisha benchi moja, kimya kimya, kila Jumatano, mlango wa nyuma unaopitia jikoni, kwa yeyote anayekuja na neno nililolisema mimi. Wiki ya kwanza tulikuwa wawili. Wiki ya tano tulikosa pa kukaa.

Wizara iliposikia kwamba neno baya linaenea haikukaa kimya. Waraka mpya umetoka: ili kumwondolea mwananchi usumbufu wa kutafuta jibu, afisa atasalimia na kujibu mwenyewe.

Juzi Jumatano haikuwa zamu yangu ya benchi, nilikuwa kwenye mkeka uani, kitambaa kichwani, ndoo pembeni kwa ajili ya kichefuchefu. Chilumba alikuja. Akapima mikono miwili.

"Shikamoo bibi. Marahaba," akasema, macho kwenye karatasi. "Habari za nyumbani? Nzuri. Za tangu Jumatano? Salama."

Akajaza. Nikangoja apande baiskeli. Hakupanda. Alikunja fomu, akaikunjua, akaja hadi ukingoni mwa mkeka akachuchumaa. Fimbo aliiacha kule kule.

"Bibi, kile cha kwapani kilianzaje?"

Nikamwuliza ni nani.

"Mama," akasema. "Napita kwake kila asubuhi kabla ya kazi. Namwamkia, ananiitikia, namwuliza habari, ananiambia nzuri baba, nenda kazini. Jana dada yangu amemwona anachana nywele kwa mkono mmoja. Ule mwingine haufiki."

Nikamwuliza saa. Basi la saa nne lilikuwa halijapita.

"Sasa nikifika nimwulizeje?" akasema. "Mimi ndiye afisa. Nikimsalimia tu, atanijibu."

"Usimsalimie," nikamwambia. "Mwambie avae viatu."